Sanda Isiyo na Mifuko

Mkazi wa mtaa wa Jamhuri hahitaji nauli kubwa kujionea jinsi watu wa Nairobi wanavyotofautiana kuhusu kifo. Upande wa Kibra, Wanubi wana makaburi yao, na aliyefariki alfajiri huenda akawa amezikwa kabla ya alasiri. Kwenye Barabara ya Ngong kuna makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941, nyasi zimefyekwa na majina yamechongwa. Ng'ambo ya Kibra iko Lang'ata, wanakozikwa wengi wasiosafirishwa mashambani. Halafu katikati ya jiji, University Way inapokutana na Uhuru Highway, nyuma ya ukuta na walinzi, kuna sinagogi ambalo wengi wetu tumelipita kwa matatu miaka na miaka bila kujua kama wanaosali humo wana habari yoyote kuhusu ahera.

Habari wanayo, ila si moja. Mmoja atakuambia wafu watafufuka na miili yao siku Masihi atakapokuja. Aliyeketi kando yake atasema roho ndiyo inayobaki, mwili ni udongo tu. Wa tatu atasema roho hurudi duniani katika mwili mwingine ili imalize kazi iliyoiacha. Wa nne, pengine mhandisi kutoka Israeli aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili, atakwambia hajui wala hajishughulishi. Wote wanne wataingia sinagogi Ijumaa jioni na hakuna atakayemtoa mwenzake. Lakini waulize maiti huoshwa vipi, huvishwa nini, huzikwa lini, na ni nani anayeshika koleo kwanza. Hapo ubishi unakoma. Ndiyo maana anayetaka kuijua ahera ya Wayahudi afadhali aanzie kaburini. Mawazo yao juu ya mbinguni yametawanyika, lakini desturi zao za mazishi zimeshikana.

Jamii yenyewe ni ndogo, watu mia chache, ila ni kongwe kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1903, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Kizayuni fursa ya kuwapa Wayahudi makao katika nyanda za Uasin Gishu. Historia huuita Mpango wa Uganda ingawa ardhi yenyewe iko Kenya. Kongamano lao la saba liliukataa mwaka 1905, lakini wachache walikuwa wameshafika. Mmoja ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyetokea Afrika Kusini, ambaye mwaka 1927 alinunua hoteli ya Norfolk. Ushirika wa Nairobi ulianza mwaka 1904, na jiwe la msingi la sinagogi la kwanza likawekwa mwaka 1912. Jengo la sasa ni la miaka ya 1950. Rabi wao mmoja, Julius Carlebach, aliandika historia yao iliyotoka mwaka 1962, na Cynthia Salvadori akaandika nyingine kwa maadhimisho ya miaka 100. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walikuja wakimbizi kutoka Ujerumani, miongoni mwao familia ya Stefanie Zweig, ambaye baadaye aliwasimulia Wajerumani maisha hayo ya shambani Kenya katika riwaya. Wakimbizi hao tutawarudia, kwa sababu walikuja na mzigo ambao sheria ya mazishi haikuwa na jibu lake.

Msomaji aliyelelewa na Biblia atashangaa akiambiwa kwamba Torati, vile vitabu vitano vya Musa, haisemi karibu lolote kuhusu maisha baada ya kifo. Mtii huahidiwa mvua kwa wakati wake, mavuno, watoto na siku nyingi katika nchi. Afaye huenda kuzimu, mahali pa giza na kimya wanakokwenda wema na wabaya pamoja. Sauli alipomwendea yule mwanamke wa Endori ili amwinulie Samweli, nabii alipanda kutoka chini akiwa amekasirika kwamba amesumbuliwa. Hakuleta habari ya bustani wala ya moto.

Kinachotiliwa mkazo humo ni mahali pa kuzikwa na watu wa kuzikwa nao. Ibrahimu, mgeni katika nchi ya watu, alikataa kaburi la bure akamlipa Efroni Mhiti shekeli 400 za fedha kwa pango la Makpela, mbele ya mashahidi langoni pa mji, bila kuomba apunguziwe. Yakobo akiwa Misri alimwapisha Yusufu asimzike huko. Yusufu naye aliwaapisha ndugu zake, na vizazi baadaye Musa alitoka Misri na mifupa yake. Afaye, kwa lugha ya Mwanzo, anakusanywa kwa watu wake.

Mkenya hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Wakili S. M. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, na maiti haikuingia kaburini Nyalgunga, Siaya, hadi tarehe 23 Mei 1987. Miezi mitano ya mochari ingemtia Myahudi kiwewe, lakini hoja yenyewe, kwamba mtu asilale kati ya wageni, Yakobo angeielewa mara moja. Mwanatheolojia John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika aliyekufa karibuni bado yumo katika jamii maadamu kuna anayemkumbuka kwa jina. Mtu angesema alikuwa akiifafanua Mwanzo.

Basi ufufuo uliingia lini? Wanahistoria wengi huonyesha kidole karne ya pili kabla ya Kristo, zama za mfalme Antioko wa Nne, aliyepiga marufuku tohara na Sabato huko Yudea. Kabla yake ilikuwa rahisi kusema mtii huishi miaka mingi. Chini yake waliokufa mapema ndio hasa waliotii. Kijana alichinjwa kwa sababu ya kuishika Sabato, na msaliti akanenepa. Ahadi ya Torati ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Katika miaka hiyo ndipo kitabu cha Danieli, sura ya 12, kinasema waziwazi kwamba wengi walalao mavumbini wataamka. Si wote waliokubali. Masadukayo, watu wa hekalu na wenye mali, walikataa ufufuo kwa kuwa Musa hakuutaja. Mafarisayo waliukubali. Hekalu lilipochomwa na Warumi mwaka 70, Masadukayo walitoweka pamoja nalo, na marabi waliorithi dini walikuwa wa mkondo wa Mafarisayo. Waliuweka ufufuo katika sala inayosomwa kila siku, wakasema anayeukana hana fungu katika ulimwengu ujao.

Kuna kisa katika Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi hao, kinachoonyesha jinsi jambo hili lilivyowauma. Torati ina amri mbili zinazofuatana na ahadi ya maisha marefu: kuwaheshimu baba na mama, na kumfukuza ndege mama kabla ya kutwaa makinda yake, asione. Baba mmoja alimwambia mwanawe apande mti amletee makinda. Kijana alipanda, akamfukuza mama kwanza kama ilivyoandikwa. Alikuwa akizitimiza amri zote mbili kwa mkono mmoja. Wakati wa kushuka alianguka, akafa. Inasemekana Elisha ben Abuya, mwanachuoni mkubwa wa wakati wake, alishuhudia kitu kama hicho, na imani yake ikavunjika pale pale chini ya mti. Rabi Yakobo, mjukuu wake, aliitazama ajali ya namna ile ile na kusema siku ndefu zilizoahidiwa haziko hapa. Ziko katika ulimwengu ambao wote ni mrefu. Mimi nakipenda kisa hiki kwa kuwa Talmudi haikumficha babu. Iliwaacha wote wawili kwenye ukurasa, aliyeacha dini na aliyepata ahera, na mti ni ule ule.

Baada ya hapo kila zama ziliongeza lake. Marabi wa kale walisema katika ulimwengu ujao hakuna kula wala kunywa, wala biashara wala husuda. Wenye haki huketi na mataji vichwani wakifurahia mng'ao wa Mungu. Wengine, ambao nadhani walikuwa na njaa, walisimulia karamu ya nyama ya Lewiathani, yule nyangumi wa mwanzo wa dunia, chini ya kibanda cha ngozi yake. Maimonide, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, aliuweka ufufuo kuwa nguzo ya 13 kati ya nguzo zake 13 za imani, lakini katika maandishi yake mengine aliusifu zaidi uzima wa roho usio na mwili, hata wapinzani wakamshuku na ikambidi aandike waraka mzima kujitetea. Wafuasi wa Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, walileta kurudi kwa roho, wanakokuita gilguli. Na mwaka 1885, marabi wa mkondo wa Mageuzi walikutana Pittsburgh, Marekani, wakatangaza kwamba ufufuo wa mwili si imani yao tena, ila roho haifi. Sinagogi la Nairobi halimo katika mkondo huo. Linafuata desturi ya Kiothodoksi, ingawa wanaohudhuria hutoka kila upande.

Kuhusu adhabu, marabi walikuwa na huruma kuliko wahubiri wengi wa viwanjani mwetu. Jehanamu yao, Gehinomu, ni mahali pa kutakasiwa, na hukumu ya waovu humo ni miezi 12. Wachache sana huzidi hapo. Muda huo mfupi ndio uliotengeneza desturi moja ya ajabu nitakayoieleza baadaye kidogo.

Kwanza gharama. Talmudi inasimulia kwamba zamani mazishi yalikuwa mzigo mzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, hadi wengine walimwacha maiti wakakimbia. Tajiri alibebwa kwa kitanda cha fahari, maskini kwa machela. Chakula cha faraja kilipelekwa kwa tajiri katika vikapu vya fedha na dhahabu, kwa maskini katika vikapu vya fito za mierebi. Rabani Gamalieli, kiongozi wa watu na mtu wa ukoo mkubwa, aliagiza yeye mwenyewe azikwe kwa kitani cha bei nafuu. Baada ya hapo hakuna tajiri aliyethubutu kujipamba kuliko Gamalieli, na vikapu vikawa vya fito za mierebi kwa wote. Hiyo ni mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Nikisoma habari hii huwa nafikiria kikundi cha WhatsApp kinachofunguliwa usiku ule ule mtu anapofariki, kamati ya mazishi, namba ya paybill, bili ya mochari inayopanda kila siku, basi la kukodi, mahema, fulana zenye picha ya marehemu. Sibezi. Matanga yetu huwashika watu pamoja wiki mbili nzima na wengi hawana mshiko mwingine. Lakini ziko familia ambazo hadi leo zinalipa deni la jeneza, na kwetu Gamalieli wetu hajafariki bado.

Siku ya Myahudi kufa, jamaa hawamwoshi. Kazi hiyo ni ya hevra kadisha, kundi la watu wa kujitolea, wanaume kwa mwanamume na wanawake kwa mwanamke. Katika jamii ndogo huwa ni watu unaokutana nao madukani. Tangu kifo hadi kaburini maiti haachwi peke yake, kuna mtu karibu akisoma Zaburi. Waoshaji huanza kwa kumwita kwa jina la Kiebrania na kumwomba radhi kwa lolote watakalokosea. Humfunika shuka, wakafunua tu sehemu wanayoisafisha. Hawampi mgongo, hawapitishi kitu juu yake, hawazungumzi ya mjini. Uchafu wa kucha hutolewa kwa kijiti. Kisha huja utakaso wenyewe: maji humiminwa mwilini mfululizo kutoka kichwani kwenda miguuni, ndoo ya pili ikianza kabla ya ya kwanza kwisha, yasikatike. Maji yakikatika huanza upya. Akikaushwa huvishwa suruali, kanzu, joho, mshipi na kilemba, vyote vya kitani au pamba nyeupe, vimeshonwa kwa mkono na havina mifuko. Vifundo havikazwi; huzungushwa tu ili vifunguke kwa urahisi, na vya mbele hukunjwa kwa umbo la herufi ya kwanza ya jina mojawapo la Mungu. Mwanamume huongezwa shali yake ya sala iliyokatwa kishada kimoja, kwa sababu amri za walio hai hazimhusu tena. Juu ya macho na mdomo wengine huweka vigae vya chungu, na mchanga kidogo wa nchi ya Israeli.

Msomaji Mwislamu, na hasa jirani zangu wa Kibra, atakuwa ameshatikisa kichwa: sanda, maji, haraka, stara. Kweli, mwosha maiti wa Kinubi na wa hevra kadisha wangeelewana bila mkalimani.

Mchanga ule una hadithi yake. Inaaminika ufufuo utaanzia nchi ya Israeli, na waliozikwa mbali watabingirika chini kwa chini kupitia mapango hadi huko. Safari hiyo ni ya maumivu, ndiyo maana mwenye uwezo huomba apelekwe, na asiye na uwezo hutiwa mchanga. Afrika Mashariki imeshuhudia safari ya namna nyingine. Dora Bloch, bibi wa miaka 74, alikuwa mmoja wa mateka wa ndege iliyoshushwa Entebbe mwaka 1976. Usiku makomando wa Israeli walipofika, yeye alikuwa hospitalini Mulago, akabaki, akauawa na watu wa Idi Amin. Mabaki yake hayakupatikana hadi Amin alipong'olewa mwaka 1979. Yakapelekwa Yerusalemu yakazikwa. Miaka mitatu baadaye, na bado kulikuwa na watu wanaomtafuta.

Tarehe 28 Novemba 2002, gari lililojazwa mabomu lilivunja lango la hoteli ya Paradise, Kikambala, kaskazini ya Mombasa. Wakenya 10 na Waisraeli watatu waliuawa. Kati ya Wakenya walikuwamo wachezaji ngoma waliokuja kuwapokea wageni. Kutoka Israeli walikuja watu wa ZAKA, wafanyakazi wa kujitolea wenye ndevu na fulana za kung'aa, wanaopita baada ya mlipuko wakikusanya vipande vya miili na hata damu kwa vitambaa, kwa kuwa navyo huzikwa. Anayeamini ufufuo atafanya hivyo. Asiyeamini, na ndani ya ZAKA yenyewe nadhani ubishi hautakosa, atafanya hivyo hivyo, kwa kuwa mwili ulibeba sura ya Mungu na hautupwi.

Kwa sababu hiyo hiyo kaburi la Myahudi halifukuliwi likapangishwa upya. Lang'ata kuna makaburi ya muda na ya kudumu, na wa muda akitimiza miaka yake mwingine hulazwa pale pale. Jiji lilipotaka ardhi mpya mwaka 2009 lililipa shilingi milioni 283 kwa shamba la Athi River lisilofaa kuchimbwa kaburi, na mambo yakaishia mahakamani. Kwa Wayahudi ardhi ya makaburi hununuliwa kabla ya mengine yote, mara nyingi kabla ya sinagogi, na aliyezikwa ndiye mwenye plot hadi siku ya kiyama.

Moto nao haukubaliki. Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011 aliagiza mti usikatwe kwa ajili yake, akachomwa Kariokor katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mwaka 2019 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akafuata njia hiyo hiyo na zogo likazuka. Agizo la Maathai kuhusu jeneza lingewapendeza marabi. Tanuri lingewashinda. Uothodoksi unaukataza moto tangu kale, na baada ya Auschwitz hata Myahudi asiyesali huushtukia. Hapa ndipo wale wakimbizi wa miaka ya 1930 wanaingia. Waliofika Kenya walinusurika. Wazazi na ndugu waliobaki Ulaya wengi hawakupata sanda, wala kaburi, wala tarehe. Na bila tarehe mtoto atamkumbukaje mzazi? Desturi humtaka awashe mshumaa wa saa 24 kila mwaka siku aliyofariki. Baraza Kuu la Marabi la Israeli liliteua siku ya 10 ya mwezi wa Teveti, siku ya mfungo, iwe ya wote wasiojulikana walikufa lini.

Kaburini, jamaa wamesimama na nguo zilizochanwa kifuani. Kwa mzazi, upande wa moyo, na mpasuko huo haushonwi vizuri tena kamwe. Waombolezaji wenyewe hutia udongo. Koleo halipokezwi mkono kwa mkono. Anayemaliza hulichomeka katika lundo la udongo, na mwingine hulichomoa, ili msiba usikabidhiwe. Hakuna shada la maua wala kipaza sauti. Kisha husomwa Kadishi, sala ya Kiaramu ambayo, jambo la kushangaza, haimtaji marehemu wala kifo. Inamtukuza Mungu mwanzo hadi mwisho. Mtoto huendelea kuisoma kila siku kwa ajili ya mzazi, kuipunguzia roho hukumu yake. Hapo ndipo ile miezi 12 inaporudi: hukumu ya mwovu ni miezi 12, basi mtoto husoma miezi 11 tu. Akimaliza yote atakuwa amemtangaza baba yake kuwa mwovu mbele ya ushirika. Hakuna mafundisho mengine ya dini yaliyonionyesha adabu ya mtoto kwa mzazi kwa hesabu fupi hivyo.

Tatizo ni kwamba Kadishi haisomwi na mtu peke yake. Kwa desturi ya Nairobi huhitaji wanaume Wayahudi 10. Katika New York si jambo. Hapa, na watu wachache, wengine wamesafiri na wengine wako Mombasa, yule wa kumi ni mtu wa kupigiwa simu. Marehemu huko aliko anamtegemea mtu aliyekwama kwenye foleni ya Ngong Road.

Nje ya Nairobi Uyahudi una nyuso nyingine. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akawachoka, alitahiriwa mwaka 1919 na kuanzisha karibu na Mbale jamii ya Abayudaya. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Wafuasi wake walivumilia marufuku ya Amin, na mwaka 2008 Gershom Sizomu wa jamii hiyo alipata urabi Marekani. Kwetu, huko Kasuku, kaunti ya Nyandarua, kuna Wakikuyu wachache walioanzia katika ushirika wa Kimasihi wakaishia katika Uyahudi wenyewe, wakijifunza kwa Abayudaya. Wao wana jambo ambalo Mzungu hana. Mababu zao waliogopa maiti kwa sababu ya thahu, unajisi unaompata anayemgusa mfu. Ni wazee wachache wenye mali waliozikwa, wengine walipelekwa porini. Torati nayo inasema maiti hunajisi. Mpaka leo Myahudi wa ukoo wa makuhani haingii makaburini isipokuwa kwa jamaa wa karibu, na kila atokaye makaburini hunawa mikono. Tofauti ni kwamba marabi walichukua unajisi huo huo wakasema kuugusa kwa ajili ya kumsitiri mfu ni fadhili ya kweli kuliko zote, maana mfu hatakulipa.

Swali ambalo Wakristo wa mtaani huuliza mapema ni hili: sisi je, tumo? Marabi wengi walijibu kwamba wenye haki wa mataifa yote wana fungu katika ulimwengu ujao, bila kugeuka Wayahudi, wakishika amri saba walizopewa wana wa Nuhu, kama kutoua, kutoiba na kuwa na mahakama. Ndiyo maana hutasikia Myahudi akihubiri katika basi la kwenda Kawangware.

Mtu aliyefanya kazi na Wayahudi, akafiwa bosi au rafiki, huenda akaalikwa katika siku saba za matanga yao. Asipeleke maua. Makaburini, wakati mwingine, ataona wanaweka vijiwe juu ya kaburi, naye anaweza kuweka chake. Nyumbani atakuta vioo vimefunikwa na wafiwa wameketi kwenye viti vifupi, bila viatu vya ngozi, wanaume hawajanyoa. Mlo wao wa kwanza baada ya mazishi, mayai na dengu, umeletwa na majirani, kwa kuwa hawaruhusiwi kula chakula chao wenyewe. Akitaka kuleta kitu, matunda mazima ndiyo salama kuliko chakula kilichopikwa, kwa ajili ya sheria zao za jikoni. Aketi, asianze kuzungumza hadi mfiwa azungumze kwanza. Akinyamaza, wanyamaze wote. Na asiende kuanzia Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi usiku, kwa kuwa Sabato husimamisha matanga. Wafiwa hubadili nguo zilizochanwa wakaenda kusali na wengine, na siku hiyo inahesabiwa kati ya zile saba.